School, shule, skuli, chuo: neno moja na swali la nafasi



Sidhani kama kuna neno la Kiingereza ambalo Mtanzania hulijua mapema kuliko "school". Mtoto anaimba "I go to school" kabla hajajua hiyo "go" ina kazi gani pale katikati. Sisi wa kozi ya elimu ndiyo usiseme, neno hili tunalala nalo na kuamka nalo, na Mungu akipenda litakuja kutulipa mshahara. Ukimwuliza mtu maana yake anakujibu chap: shule. Sasa mwulize shule maana yake nini... anakuangalia kama vile umekosa kazi ya kufanya.

Kumbe hapo ndipo penyewe! Kukosa kazi ya kufanya ndiyo maana ya kwanza kabisa ya neno hili. Sitanii. Tulieni niwapange taratibu, maana safari ni ndefu: inaanzia Ugiriki, inapita pwani kwenye chuo cha Kurani, inakutana na Mjerumani pale Tanga, halafu inapanda bara mpaka kwetu Singida, kwenye uwele na ng'ombe.

WAGIRIKI NA NAFASI YAO

Mzizi ni neno la Kigiriki, skholē. Halikuwa jina la jengo. Lilikuwa jina la muda ule ambao mtu hakabwi na shughuli, ametulia, anaweza kukaa na wenzake akawaza. Wakati huo Wagiriki wenye uwezo waliutumia kwa mazungumzo na mabishano ya hoja. Taratibu neno likahama: kutoka muda wenyewe, likawa mazungumzo yanayofanyika katika muda huo, kisha likawa kundi la watu wanaozungumza, mwisho likawa mahali wanapokutana. Warumi wakalichukua wakasema schola. Kutoka kwa Warumi, Waingereza wakapata "school", Wajerumani Schule, Wafaransa école, Wareno escola. Ukoo mmoja huo. Na hao hao Warumi shule ya watoto wadogo waliiita pia ludus, ambalo ndilo neno lao la mchezo. Kwa hiyo mwalimu anayekimbiza watoto uwanjani kwa kiboko eti waache kucheza waingie shule, kihistoria anajichanganya kidogo, teh teh.

Sasa, kwa Kiswahili skholē ni nini? Nimelizungusha sana kichwani na jibu langu ni moja: nafasi. Angalieni lilivyo neno tajiri. "Kesho nikipata nafasi nitakuja", hapo nafasi ni muda. "Gari limejaa, hakuna nafasi", hapo ni mahali. "Amepata nafasi ya kidato cha kwanza", hapo ni bahati ya kuchaguliwa. "Wale ni watu wenye nafasi zao", hapo ni uwezo, ni pesa. Maana zote nne zimo ndani ya historia ya shule. Ili mtoto asome anahitaji muda, anahitaji mahali pa kukaa, anahitaji kuchaguliwa, na kwa muda mrefu alihitaji kuzaliwa kwenye nyumba yenye nafasi yake.

Na kuna kitu Wagiriki hawakukisema kwa sauti kubwa. Pale Athene waliokuwa na skholē walikuwa wanaume huru. Wakati wao wamekaa kivulini wanahoji maana ya haki, kuna mtu alikuwa anasaga nafaka, anachota maji, anachimba madini. Watumwa, na wanawake nyumbani. Nafasi ya mmoja ilikuwa kazi ya mwingine. Shikeni hilo, tutarudi kwake tukifika kwa Mwalimu.

NDUGU ZAKE "SCHOOL"

Kwa wale wenye mtihani wa Kiingereza, tupitie visawe haraka, maana watu wanavitumia kama vile vyote ni kitu kimoja.

"Academy" ni jina la kishamba cha miti nje ya Athene, mahali Plato alipofundishia. "College" asili yake ni chama cha watu wa kazi moja, hata neno lao la mfanyakazi mwenza limetoka hapo. "University" vilevile, maana yake ya mwanzo ni jumla ya watu, kundi zima la walimu na wanafunzi lililojiunga kama chama. "Kindergarten" ni Kijerumani, bustani ya watoto. Sisi tukasema chekechea, na mitaani tukaita shule ya vidudu. Linalonifurahisha zaidi ni "seminary". Kwa Kilatini ni kitalu, pale unapootesha miche kabla ya kuihamishia shambani. Mliosoma seminari mkikumbuka mlivyokuwa mnamwagiliwa na kupogolewa mtakubali kwamba jina limewakaa.

Halafu matumizi. Mwingereza akisema "she goes to school" anamaanisha binti ni mwanafunzi. Akisema "she went to the school" anamaanisha ameenda pale majengoni, pengine ni mama aliyeitwa na mwalimu. Kijineno kidogo "the" kinabadilisha kila kitu. Wanafunzi wetu tutawachosha bure na kanuni wakati Kiswahili kina mfano wa karibu mno. "Huyu ameenda shule" maana yake amesoma, kichwani mna kitu. "Huyu ameenda shuleni" maana yake kamtafute kule. Na mtu akikwambia "yule hana shule" hazungumzii majengo kabisa! Mimi ningeanzia hapo darasani, wataelewa siku hiyo hiyo.

Marekani wao "school" wanaipandisha mpaka chuo kikuu. Kwetu mtu wa mwaka wa tatu ukimwambia yuko shule anaona umemshusha. Lakini nenda Mlimani usome vibao: kuna ndaki, kuna taasisi, na kuna Shule Kuu ya Elimu na Shule Kuu ya Sheria. Neno limepanda ngazi nalo.

La mwisho kwa wapenda mitego: "school of fish", kundi la samaki. Hilo si ndugu kabisa. Limetoka kwa Waholanzi, lenyewe maana yake ni kundi. Limefanana sura tu na hili letu.

KABLA YA SHULE KULIKUWA NA CHUO

Turudi nyumbani. Kuna dhana kwamba kabla ya Mzungu hapakuwa na mtu anayesoma huku. Si kweli. Pwani watoto walikuwa wanakaa kwenye mkeka na kusoma karne nyingi kabla Ujerumani haijawa hata nchi moja. Mahali hapo paliitwa chuo. Chuo zamani maana yake ni kitabu. Wenzetu wa kaskazini, kule Lamu, wingi wake wakasema zuo, na ndiyo maana msomi mkubwa tunamwita mwanazuoni, yaani mtu wa vitabu. (Pwani pia mtu akisema fulani ameoa vyuo vitatu, msidhani ana digrii tatu. Ana ndoa tatu!) Kuna na madrasa, mahali pa kudurusu, na mzizi wake huo huo ndio uliotupa darasa.

Sasa fanyeni jaribio dogo. Andikeni vitu vyote mnavyovijua vya shule: mwalimu, elimu, darasa, kalamu, daftari, hesabu, mtihani, ratiba. Vyote vimeingia kwa mlango wa Kiarabu, vingi vyake vikipitia chuoni na mikononi mwa makarani na wafanyabiashara wa pwani. Hata kuhitimu. Asili yake ni kumaliza, na mtoto wa chuoni alihitimu alipoimaliza Kurani. Hitima tunayosomea marehemu ni mzizi huo huo. Kwa hiyo siku ile tutakapovaa joho na kuambiwa tumehitimu, tutakuwa tunatumia neno la mtoto wa mkekani.

Yaani shule yetu ina jina la Mjerumani getini, lakini ukiingia ndani vyombo vyote ni vya chuoni.

MJERUMANI, SHULE NA HELA

Hilo jina la getini lilifikaje? Wajerumani walianza kuitawala Tanganyika katika miaka ya 1880, na walihitaji watu wa kuwasaidia: makarani, wakalimani, watoza kodi, walimu. Wamisionari walikuwa na shule zao tayari, lakini serikali ilitaka isiyofungamana na dini, ili watoto wa Waislamu wa pwani nao waje. Shule ya Tanga, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1890, ndiyo ikawa mama wa shule za serikali. Ilifundisha kwa Kiswahili, ikafundisha ufundi, ikawa na mitambo ya kuchapa, na gazeti la Kiongozi likatoka pale. Wazazi wa pwani hawakuikimbilia. Walikuwa na chuo chao, kwa nini wapeleke mtoto kwa mtu asiyejua hata Fatiha?

Kwa kuwa kilikuwa kitu kingine, kikahitaji jina lingine. Kile cha Kurani kikabaki chuo, hiki cha serikali kikaitwa kwa jina alilokuja nalo mwenyewe: Schule, shule. Vijana waliotoka Tanga wakatumwa bara kuwa makarani, maakida na walimu, na neno likasafiri nao.

Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili cha kila siku ni machache sana. Mawili makubwa ni shule na hela, hili la pili kutokana na sarafu yao iliyoitwa Heller. Wametuachia shule, wametuachia hela, na mpaka leo mzazi anajua kwamba la kwanza halitembei bila la pili. Sijui walikusudia!

Mwingereza alipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuta walimu na makarani tayari wanasema shule. Akatawala miaka arobaini na ushee, na "school" yake ikashindwa kuing'oa. Visiwani mambo yalikuwa kinyume. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, kwa hiyo wenzetu wakachukua kutoka kwa Mwingereza moja kwa moja: skuli. Mpaka leo nyaraka za Serikali ya Mapinduzi zinaandika skuli, na mtoto wa Unguja asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni. Mzanzibari akisema "skuli" wengine wetu wa bara humcheka eti anachanganya Kiingereza. Ndugu zangu, na sisi tunachanganya Kijerumani, tofauti ni kwamba hatujui!

Majirani nao kila mmoja ana lake. Kenya, ukiacha Witu ya mwaka 1885 mpaka 1890, haikutawaliwa na Mjerumani, lakini vitabu vyao vinasema shule kwa sababu Kiswahili sanifu kilipangwa kwa pamoja kuanzia miaka ya 1920 na 1930. Rwanda wanasema ishuri na Burundi ishure, ni ukoo wa Schule pia, maana nao walikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waganda wanasema ssomero, mahali pa kusomea, na kitenzi chao cha kusoma kimetoka kwenye Kiswahili. Lubumbashi utasikia mtoto anaenda "ku masomo". Kwa hiyo ukitaka kujua nani alitawala wapi, sikiliza tu watoto wanaitaje mahali wanapochapwa.

SINGIDA: NAFASI ILIKUWA YA NANI?

Sasa tupande bara. Kwetu Singida kabla ya shule mafunzo yalikuwepo. Kulikuwa na jando, kulikuwa na mafunzo ya wasichana, kulikuwa na moto wa jioni na babu na bibi. Sehemu nyingi za nchi jando lilisubiri baada ya mavuno, chakula kikiwa ghalani na kazi za shamba zimepungua. Mnaona? Wazee nao walijua kwamba huwezi kumfundisha mtoto mambo mazito bila kumpa nafasi. Kwanza ghala lijae, ndipo darasa lifunguliwe.

Shule ilikuja na ratiba nyingine. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Iramba mwaka 1911 wakaanzia Ruruma. Vita ikaja, Wajerumani wakaondolewa, na mwaka 1926 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakashika kazi Iramba na baadaye Unyaturu. Wakatoliki nao walikuwa na misheni zao. Mjerumani aliondoka, Mmarekani akaja na "school" yake mdomoni, lakini kwa wenyeji ikabaki shule.

Shida haikuwa jina. Shida ilikuwa kwamba kengele ya shule inalia saa ile ile ng'ombe wanapotoka zizini. Mnaokijua Singida mnaelewa. Mvua ni msimu mmoja, ikikosea mmelala njaa. Uwele na mtama vikianza kukomaa ndege wanashuka kama mawingu, na mtu wa kuamia ni mtoto. Ng'ombe na mbuzi ni wa kuchungwa na mtoto. Maji ya mbali ni ya binti. Kumpeleka mtoto shule lilikuwa jambo la kupunguza mikono ya kazi, si la kuchagua tu kama unapenda elimu au huipendi. Ndiyo maana katika jamii nyingi za wafugaji wazee wanasimulia kisa kile kile: yule kijana hodari wa kuchunga alifichwa abaki na ng'ombe, na yule aliyeonekana mzembe ndiye aliyetolewa kwa Mzungu. Miaka ikapita, mzembe akarudi na baiskeli na kalamu mfukoni, hodari akawa anamwomba amsomee barua.

Watu wanacheka kisa hiki. Mimi nikikifikiria vizuri nakiona kizito. Ndugu wawili, na nafasi ya mmoja ililipiwa na mgongo wa mwenzake. Ni Athene ile ile, sema na ng'ombe.

MWALIMU ANAULIZA: NANI ANALIPIA?

Julius Nyerere mwenyewe alianza shule akiwa na miaka 12 hivi, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaingia Tabora. Yaani na yeye ni mtoto wa kijijini aliyepata nafasi akiwa amechelewa, na nadhani hakusahau.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 hali ilikuwa hivi: watoto wa shule za msingi takriban 486,000 nchi nzima, sekondari 11,832, na kati ya hao waliokuwa kidato cha sita ni 176. Mia moja sabini na sita! Kuna madarasa ya semina hapa chuoni yana watu wengi kuliko hao. Na chini ya mkoloni shule zenyewe ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika.

Mwaka huo huo Oktoba kikaanzishwa Chuo Kikuu kishiriki, Dar es Salaam, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Ndipo tunafika kwenye kisa ambacho kila mwanachuo anapaswa kukijua. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Mlimani, waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu akawasikiliza. Kisha akawarudisha wote makwao. Na hakuishia kwao, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Siku za nyuma nilikuwa nakiona kisa hiki kama ubabe tu wa serikali kwa wanafunzi. Nikiwa na ile maana ya Kigiriki kichwani kinasomeka tofauti. Mwalimu alikuwa anauliza swali ambalo Athene hawakujiuliza: nyie mmekaa Mlimani na nafasi yenu, je, nafasi hiyo inalipiwa na nani? Jibu lake lilikuwa mkulima. Yule anayelima pamba, kahawa na katani, ambaye mtoto wake hakuchaguliwa.

Miezi michache baadaye, Machi 1967, ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kwa jembe tu, shamba la shule na mabanda ya kuku. Lakini hoja yake ilikuwa pana. Alisema ni watoto kama 13 kati ya kila 100 wanaomaliza shule ya msingi ndio wanaopata nafasi ya sekondari, na shule nzima imepangwa kwa ajili ya hao 13. Hao 87 je? Wanatoka wakiwa wameandaliwa kufaulu mtihani walioufeli. Alitaka shule iwe na maana kwa mtoto atakayebaki kijijini, na alitaka msomi asiote mizizi ya kuona kazi ya mikono ni ya watu wengine.

Utekelezaji wake? Wazazi wetu watakwambia. Kuna mahali shamba la shule lilikuwa somo zuri la kilimo, na kuna mahali lilikuwa shamba la mwalimu mkuu. Jembe likaingia kwenye nafasi, na mara nyingine likaila yote.

NGUMBARU, UPE, KATA

Baada ya hapo nchi ikaanza kuigawa nafasi kwa watu wengi. Zanzibar walishatangulia: tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo. Bara mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi zetu wakaingia ngumbaru. Angalieni ngumbaru ilikuwa saa ngapi: alasiri, kazi za shamba zikiwa zimeisha. Ni darasa lililoufuata muda wa watu, badala ya kuwalazimisha watu waufuate muda wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo shule iliyoelewa maana ya jina lake kuliko zote.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasema kila mtoto aandikishwe shule ya msingi ifikapo 1977. Hiyo ndiyo UPE. Walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifanya kazi, na watani wakatafsiri UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani mkali. Lakini walimu hao hao ndio waliowafundisha kusoma wazazi wa wengi wetu, kwa hiyo tucheke kwa adabu.

Miaka ya 1980 uchumi ukabana, ada na michango vikarudi, uandikishaji ukashuka. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa na mwaka uliofuata MMEM ukaanza: wanafunzi wa msingi wakatoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 mpaka milioni 7.5 mwaka 2005. Ikafuata MMES mwaka 2004 na sekondari za kata, zile zilizoitwa yeboyebo kama kandambili za plastiki. Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka cha sita. Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shule, jambo ambalo kwa miongo mingi lilikuwa limefungwa. Na sera mpya iliyozinduliwa Februari 2025 inasema elimu ya lazima ni miaka 10.

Kwa hiyo ile nafasi ya pili, ya mahali, imepanuka kweli. Ya tatu, ya kuchaguliwa, imepanuka. Ya nne, ya pesa, angalau ada imetoka mlangoni ingawa sare, madaftari na chakula bado vinasubiri ndani. Iliyobaki nyuma ni ile ya kwanza kabisa, ya Mgiriki: muda.

Mtoto wa Ikungi au Mkalama leo yuko kwenye rejista. Jina lake lipo, takwimu zimetimia. Lakini ametembea kilomita ngapi kabla ya kengele? Amechota maji saa ngapi? Wakati wa kuamia ndege kiti chake kina mtu? Akirudi nyumbani, kati ya kuni, mdogo wake wa kubeba na giza, kuna nusu saa ya kufungua daftari? Kama haipo, basi tumempa jengo na kibao, ila shule yenyewe, kwa maana ya neno, hatujampa. Mtoro tunamwita mtoro, tunamchapa. Labda tungeanza kwa kumwuliza kwa nini hana nafasi.

Na ninaposema haya siwalaumu wazazi. Mzazi wa Singida anayemwacha mtoto achunge hachukii elimu, anahesabu mikono. Kinachofungua muda wa mtoto mara nyingi si fimbo wala sheria. Ni kisima kilicho karibu, ni uji wa shuleni, ni bweni la wasichana, ni taa ya sola, ni ratiba inayojua kwamba mwezi wa Mei watu wanavuna. Mambo hayo hatuyafundishwi kwenye kozi ya mbinu za kufundishia, lakini ndiyo yanayoamua kama mbinu zetu zitakuwa na mtu wa kumfundisha.

Sisi nasi tujitazame. Tuna boda kubwa ya muda hapa chuoni: miaka mitatu bila kuchunga, bila kuamia, bila kubeba ndoo kilomita tano. Tunalalamika bumu limechelewa, na ni haki yetu kulalamika. Ila kuna mtu huko nyuma ameshika kazi zetu. Wengine ni kaka aliyeishia la saba, wengine ni dada aliyeolewa mapema. Mkienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkaandika "school" ubaoni, mjue mmeandika neno linalodai deni.

Nawasilisha, wadau. Kwenu mnaiitaje shule kwa lugha ya nyumbani? Na kwenye ukoo wenu, ni nani alibaki na ng'ombe ili wewe usome? Semeni, tujifunze.